Jubilei ya Dhahabu Milimani Usambara

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, ukishaupita mji wa Korogwe utaona upande wako wa kulia ukuta mrefu wa milima ukiandamana na barabara. Wasafiri wengi huutazama ukuta huo kupitia dirishani, wakasema, "Usambara hiyo," kisha wakarudi katika usingizi wao. Safari hii nakuomba ushuke pamoja nami pale Mombo. Joto la Mombo ni joto la nyika na mkonge, lakini usilisahau sweta lako. Kilomita 33 tu kutoka hapo, juu kabisa, ndiko iliko Lushoto. Na mwezi wa Julai hakuna mtu Lushoto alalaye bila ya blanketi.

Safari yangu haikuwa ya matembezi. Nilialikwa na jirani yangu wa Dar es Salaam, karani wa bandarini, ambaye wazazi wake walikuwa wakitimiza miaka 50 ya ndoa. Walifunga pingu za maisha mwezi wa Julai mwaka 1974, na jubilei yao iliangukia Julai ya mwaka 2024. Wenyewe wameniomba nisiwataje majina wala kijiji chao, nami nitaitunza ahadi hiyo. Itoshe kusema kwamba kijiji kipo milimani, mwendo usio mrefu kutoka mjini Lushoto.

Nikuambie ukweli, haikunivuta karamu. Kilichonivuta ni mabishano yaliyoitangulia. Watoto wa wazee hao ni sita, na watano kati yao wanaishi mijini. Walikuwa wamekwisha kukaa kikao mara tatu. Mmoja alitaka ukodishwe ukumbi Dar es Salaam, ipikwe keki ya ngazi tano na zishonwe sare za rangi ya dhahabu. Wa pili alitaka pete mbili mpya. Wa tatu, ambaye mshahara wake ulikuwa umekwisha kumezwa na ada za shule, aliuliza fedha zitatoka wapi. Akaambiwa kwamba hana shukrani kwa wazazi. Kikao cha tatu kilivunjika kwa hasira. Ndipo yule karani alipoona ni heri amuulize mwenye shughuli. Akampigia mama yake simu: "Mama, unataka zawadi gani?" Mama akajibu, "Karatasi. Baba yenu anaijua ni ipi." Akakata simu.

KARATASI KWANZA, DHAHABU BAADAYE

Niliposimuliwa jibu hilo nilicheka, maana wanaofuata orodha ya zawadi za ndoa wanajua kwamba karatasi si zawadi ya mwaka wa 50. Ni ya mwaka wa kwanza kabisa.

Labda, msomaji, umeisikia orodha hiyo bila kuijua asili yake. Inasimuliwa kwamba katika nchi za Wajerumani, zamani sana, mke aliyefikisha miaka 25 ya ndoa alivikwa shada la fedha, na aliyefikisha miaka 50 akavikwa shada la dhahabu. Kutoka hapo desturi ilienea Ulaya na Marekani. Mwaka 1922 mwandishi wa Marekani, Emily Post, katika kitabu chake cha adabu, alitaja zawadi za miaka minane tu: mwaka wa kwanza karatasi, wa 5 mbao, wa 10 bati, wa 15 kioo, wa 20 vyombo vya kaure, wa 25 fedha, wa 50 dhahabu na wa 75 almasi. Mwaka 1937 chama cha wauza vito wa Marekani kikatoa orodha ndefu zaidi, iliyojaza ile miaka iliyokuwa mitupu. Hapana haja ya kuuliza ni nani aliyefaidika. Muuza vito hapendi mwaka upite mteja asiingie dukani.

Hata nchi yetu imeingizwa katika hesabu hizo. Tanzanaiti, kito kilichogunduliwa Mererani mwaka 1967, siku hizi hutajwa kuwa zawadi ya mwaka wa 24 wa ndoa. Na kabla ya hapo, mwaka 1947, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, Dakta John Williamson, Mkanada mwenye mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, alimpelekea almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa mgodini humo mwaka huo huo. Jiwe la Shinyanga likawa zawadi ya arusi ya London, na baadaye likatiwa katika bizimu ya malkia.

Lakini turudi barabarani, maana gari letu limekwisha kuanza kupanda.

BARABARA YA KUZUNGUKA

Barabara ya kwenda Lushoto imebanwa kati ya jabali na bonde. Kila kona huficha nyingine, na dereva mwenye busara hupiga honi kabla ya kuifikia. Chini mto unang'aa. Juu kuna migomba, nyumba za udongo mwekundu, na vishamba vilivyoning'inia mahali ambapo wewe na mimi tungeogopa hata kusimama. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji karibu na barabara, na njia panda ya kwenda Bumbuli. Hapo akina mama hukimbilia gari na ndoo za karoti, mafungu ya viazi mviringo na kabichi kubwa kama kichwa cha ndama. Mboga unazonunua Kariakoo, kwa sehemu kubwa, zimepitia kona hizi.

Pande hizo za Soni ndipo ilipo Vuga, makao ya kale ya wafalme wa Kikilindi. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Inasimuliwa kwamba Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa. Yeye aliwagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Wakamwoza, na mwishowe wakamfanya mtawala wao. Kwa hiyo, msomaji, kama tukiyasadiki masimulizi ya wazee, dola ya Usambara haikuanza kwa mkuki juu ya binadamu. Ilianza kwa kupeana: kila upande ulitoa kile ambacho mwenzake alikuwa amepungukiwa. Shika neno hilo, tutalihitaji mbele.

Lushoto yenyewe iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa ubaridi wake, wakaiita Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo limekufa, ila baadhi ya majengo yao bado yamesimama kando ya mikaratusi. Hewa hunukia moshi wa kuni na majani mabichi. Ukienda hadi Irente, kwenye ukingo wa milima, utaiona nyika yote ya Mazinde chini ya miguu yako, na magari ya barabara kuu yakitambaa kama sisimizi.

Kipo kitu kingine cha Usambara kinachohusu habari yetu ya zawadi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona katika milima hii kimea kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Akampelekea baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo kimea hicho hukaa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na waume wengi huwanunulia wake zao kikiwa katika chungu kidogo. Wajerumani hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara mpaka leo. Huku kwao, maua hayo hujificha kwenye majabali yenye kivuli na unyevu, na pale msitu unapokatwa nayo hutoweka. Mwanamke wa Usambara anayepita karibu nayo na mzigo wa kuni kichwani hajapata kuletewa hata moja na mumewe. Wala hajasikitika, maana ana haja nyingine.

SHAMBA LA BONDENI

Tulifika kijijini mkesha wa sherehe. Mzee, mtu mrefu aliyevaa koti zito, alitupokea uani. Bibi alikuwa jikoni na wakwe zake, akitutengenezea ugali na mshunga, zile mboga chungu ambazo Wasambaa huzipenda. Nilipomwamkia, "Shikamoo Mama," alinijibu, "Marahaba mwanangu, karibu, baridi hii itakukomesha." Kisha, jua lilipokuwa likizama, akaniambia, "Twende nikakuonyeshe shamba langu," akasita kidogo, akajirekebisha: "Shamba letu la bondeni."

Ndugu msomaji, ardhi ya Usambara ni ya miinuko, na mvua kubwa huichukua. Kwa hiyo kipande cha bondeni, chenye udongo mweusi na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi, huthaminiwa kuliko vipande vitatu vya mlimani. Shamba nililoonyeshwa halikuzidi nusu ekari. Lilikuwa na matuta ya kabichi na karoti yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na mfereji uliochimbwa kwa jembe la mkono. Bibi alivua viatu kabla ya kukanyaga tuta. Alininong'oneza kwamba walilinunua mwaka 1986, baada ya kuweka akiba ya fedha za kabichi kwa miaka saba. "Watoto wote sita wamesomea hapa," alisema, na nilijua hakumaanisha darasani. Nikamuuliza habari za ile karatasi. Akatabasamu, akainama kung'oa gugu, akanijibu, "Kesho si mbali."

MWAKA WA HAMSINI

Asubuhi yake kanisa dogo la Kilutheri lilijaa hadi mlangoni. Walutheri wana mizizi mirefu huku, tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika Mlalo mwaka 1891. Hata hivyo Wilaya ya Lushoto ina Waislamu wengi sana, na nje ya kanisa nilikuta wazee wenye kofia zao wakishughulikia sufuria za pilau. Ndivyo wanavyoishi: msiba ni wa wote na shughuli ni ya wote.

Mchungaji hakuhubiri juu ya dhahabu. Alieleza neno lenyewe jubilei lilikotoka. Katika Agano la Kale, kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa 50 uliitwa mwaka wa yubile. Mwaka huo baragumu lilipigwa, watumwa waliachwa huru, na ardhi iliyokuwa imeondoka mikononi mwa mwenyewe ilimrudia. Nilimwona Mzee akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jambo alilokwisha kulifikiri.

Baada ya wanandoa kurudia viapo vyao, wakaja uani, na zawadi zikaanza kutolewa kwa nyimbo na vigelegele. Watoto, baada ya kupatana, walikuwa wamewanunulia wazazi tangi la maji na godoro. Majirani walileta kuku, vitenge, na chungu kikubwa cha kupikia maharage, kilichofinyangwa na mwanamke wa kijiji cha pili. Maana ufinyanzi Usambara ni kazi ya wanawake. Bibi alimfunika mumewe blanketi jipya alilolinunua kwa fedha zake za karoti, watu wakacheka na kushangilia.

Kisha Mzee akasimama. Alitoa bahasha ndani ya koti, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba la bondeni, iliyoandikwa jina la mkewe.

"Tuliponunua shamba lile," alisema, "niliandika jina langu peke yangu, kwa sababu ndivyo wanaume tulivyokuwa tukiandika. Lakini kabichi zilizolinunua alizipanda yeye. Nimekaa na deni hili miaka 38. Leo nimelilipa."

Bibi hakusema neno. Aliikunja karatasi ile, akaifunga katika pindo la kanga yake, mahali ambapo mwanamke huweka fedha.

SHERIA INASEMAJE?

Tulipokuwa tukila, mzee mmoja Mwislamu, jirani wa mpaka wa shamba lile, alinihadithia yaliyotokea kabla. Maombi yalipopelekwa kwenye Halmashauri ya Kijiji, na majirani wakaitwa kuhakiki mipaka, kijana mmoja wa ukoo wa Mzee alipinga hadharani. Alidai kwamba ardhi ya ukoo haipewi mwanamke. Mzee akamuuliza, "Ukoo ulichangia shilingi ngapi mwaka 1986?" Kijana akakosa jibu. Jirani huyo akaongeza, "Mimi nilitoa ushahidi kwa moyo mweupe. Sisi hatuna jubilei ya ndoa katika dini yetu, lakini tumefundishwa kwamba mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya kaka zake. Kumpa mke kilicho chake si jambo geni."

Hofu ya Bibi haikuwa ya bure. Kwa desturi za Wasambaa, kama ilivyo kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, mume alimgawia mkewe shamba la kulima ili ailishe nyumba yake. Lakini kugawiwa shamba la kulima si kulimiliki. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika waziwazi kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wangapi, msomaji, umewaona mtaani kwako ambao matanga yalipokwisha waliambiwa wafungashe?

Hata hivyo ziko sheria nyingine ambazo kila familia inapasa kuzijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume au mke akimpa mwenzake mali ndoa ikiwa hai, mali hiyo huchukuliwa kuwa ya aliyepewa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Haki zipo. Lakini haki isiyoandikwa hupotea kirahisi pale shahidi wake anapozikwa.

ORODHA YETU WENYEWE

Je, tuzitupe desturi za kigeni za kuhesabu miaka ya ndoa? Mimi sioni sababu. Ni jambo jema mume na mke kuikumbuka siku yao, hasa mijini, ambako kazi na foleni za magari huwafanya watu wa nyumba moja wakutane kama abiria. Kilicho kibaya ni kukopa ili majirani watuone.

Tunaweza kuichukua orodha ile tukaijaza mambo yetu. Mwaka wa kwanza ni wa karatasi: hakikisheni cheti cha ndoa kimehifadhiwa, na fungueni pamoja kitabu cha akiba. Mwaka wa pili wengi huutaja kuwa wa pamba: doti ya kanga inatosha, mradi maneno yake uyachague wewe mwenyewe. Mwaka wa tano wa mbao: nenda kwa seremala wa mtaani ukaagize kiti, au pandeni mti. Mwaka wa kumi, ambao wageni huusema ni wa bati, sisi twajua bati ni kitu gani: ni paa la nyumba mnayojenga polepole Mbagala au Kimara. Mwaka wa 20 wa vyombo vya udongo: chungu cha mfinyanzi wa Usambara hakina aibu mbele ya kaure. Mwaka wa 25 na wa 50, fedha na dhahabu zikikosekana, uliza swali alilouliza yule karani: mwenzangu amepungukiwa na nini? Mbegha na Wasambaa waliliuliza zamani.

Wala usingoje miaka 50 kama alivyongoja Mzee wetu. Mwenyewe aliniambia hivyo tulipoagana: "Mwanangu, mimi nimechelewa. Mungu amenipa muda tu."

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umeyafunika mabonde yote. Basi lilipoanza kuteremka kwenda Mombo niliangalia chini, nikaona wanawake watatu na majembe wakiingia mashambani. Sikujua mashamba yale yameandikwa majina ya nani. Mkiwa nyumbani Jumapili hii, ndugu msomaji, fungueni lile kasha la karatasi zenu, mume na mke pamoja, mkasome majina yaliyoandikwa humo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.